Malalamiko Dhidi ya Tochi Iliyomulika Mayai ya Mnada wa Kanisa

Elinami Ndesanjo,
Sekei, nyuma ya mashine ya kusaga,
Arusha.

Kwa Mzee wa Kanisa wa mtaa wetu,
Baba Lesian Koikai.

YAH: KUOMBA TOCHI YA SIA IPIGWE MARUFUKU KUMULIKA MAYAI YALIYOKWISHA OMBEWA

Mzee wangu, shikamoo, na Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ng'ombe wako wameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima, ila heshima yangu imejeruhiwa, ndiyo maana nimeketi kuandika badala ya kuja mwenyewe. Ningekuja ningepandisha sauti, na unajua sauti yangu ikipanda Sekei, mbwa wa kule mtaa wa Sakina wanaitikia.

Unanifahamu, lakini barua rasmi inataka mtu ajieleze. Mimi nilisoma hadi darasa la sita. La saba nililisoma nikiwa dirishani, kwa nje, nachunga mbuzi wa mwalimu, na nilisikia yote isipokuwa hesabu za sehemu, kwa sababu siku hizo upepo ulikuwa unavuma kuelekea ubaoni. Kwa hiyo usishangae ukiona hoja zangu zimepangika.

Mzee, utakumbuka Jumapili ile tulipotoka ibadani tukasimama nje kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka. Kulikuwa na mkungu wa ndizi, maboga, yule sungura aliyeponyoka akajificha chini ya gari la mchungaji, na nusu trei ya mayai ndani ya kikapu. Melkizedeki, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaanza kutaja bei ya mayai kama mtu anayetania. Mimi sipendi utani na sadaka. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena, mpaka nikafika pale ambapo mtu mwenye akili timamu anakaa chini, naye akakaa. Alipokaa akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwaya, kama mayai hayo nitayakaangia kwenye sufuria au kwenye sahani ya dhahabu. Ndipo nikasimama juu ya kile kijiwe cha kufungia kengele na kusema mbele ya usharika mzima:

"Haya hayaliwi. Haya yatatotolewa, na Sikukuu ya Mavuno ijayo nitaleta jogoo aliyetoka humu, awike hapa hapa kabla ya kengele ya kwanza."

Watu walipiga makofi. Wewe mwenyewe, Mzee, ulisema amina, nilikusikia. Aliyetoa mayai yale sikumjua wala sikuuliza, maana sadaka ikishaombewa haina tena mwenyewe. Lakini neno lile ni langu, nimelisema mbele ya watu na mbele ya Melkizedeki, na sasa linataka kufia mikononi mwa tochi.

Ukitaka kujua tochi ya nani, ni ya Sia, mtoto wa dada yangu. Sia anakaa kwangu, kwenye chumba cha uani nilichompa mimi mwenyewe kwa moyo mmoja, baada ya kuombwa mara chache tu. Humo ana mashine ya kutotolea vifaranga, sanduku kubwa lenye kioo mlangoni, na majirani wanamletea mayai yao anawatotolea. Nilipompelekea ya kwangu alinipokea kwa shikamoo nzuri kabisa. Sikujua kwamba shikamoo ile ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kunawishwa. Kabla sijagusa yai nililolinunua mwenyewe, Sia aliniletea ndoo, sabuni na taulo, akaniambia ninawe na nikaushe mikono. Anadai ganda la yai lina vitundu visivyoonekana, kwamba yai linapumua kupitia humo, na mafuta na uchafu wa mkono huingia ndani na kumdhuru kifaranga. Mzee, mikono hii iliwahi kumnawisha Askofu mgeni. Mikono hii ilimzalisha ng'ombe wa Meshack pale Levolosi, ndama amekaa kinyumenyume, na ndama yule leo ni mkubwa kiasi kwamba anapopita nyuma ya nyumba ndani wanawasha taa. Nilinawa, maana mimi ni mtu wa amani. Lakini nilinawa nikiwa nimenuna.

2. Tochi yenyewe. Juma moja lilipotimia Sia alifunga mapazia mchana kweupe, akatoa simu yake, akawasha tochi, kisha juu ya ile tochi akasimamisha, samahani Mzee, kile kibomba cha boksi kinachobaki katikati karatasi ya chooni ikiisha. Juu ya kitu hicho akaweka yai la kanisa. Nilimwambia kama ni kumulika, mimi ninayo taa ya heshima, balbu kubwa ya zamani ya njano iliyokuwa ya marehemu baba, ambayo ukiiwasha Ngaramtoni wanajua. Akakataa. Akasema balbu ile inachoma, yai litaanza kuiva mkononi, na kinachotakiwa ni mwanga usio na joto, chumba kiwe giza, na kila yai litazamwe kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu, lirudi kwenye joto lake. Kweli alikuwa analishika kwa vidole vitatu, upande butu juu, analizungusha taratibu kama mtu anayechagua nyanya za mwenzie, kisha analirudisha.

Alianza na mayai ya Mama Yiamat. Huyu ni yule mjane wa Sombetini ambaye kideri kilimmalizia kuku wote banda likabaki na manyoya, akaazima mayai kwa ndugu zake huko magharibi ya mlima ili aanze upya. Sia akaniita nitazame. Nisiseme uongo, Mzee: ndani ya yai la Mama Yiamat kulikuwa na mishipa myekundu imetawanyika kama buibui, na katikati doa dogo jeusi linalorukaruka. Nikavua kofia bila kujua. Kisha akaweka la kwangu. Lilikuwa jeupe peee, kama chupa ya maji ya dukani. Akaweka la pili, jeupe. Akamaliza yote. Hakuna buibui, hakuna doa. Akazima tochi na kusema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma:

"Mjomba, haya hayakufia humu. Haya hayajawahi kuwa na kitu. Hayana mbegu."

3. Matumizi ya lugha. Maneno hayo yalitamkwa mbele ya Mama Yiamat, aliyekuja kuangalia mayai yake, na mbele ya mke wangu Evaresta, kwamba mayai ya Mzee Elinami hayana mbegu. Mimi ni baba wa watoto wanne, Brian amenipita urefu na Violet ana mabega kama yangu. Mama Yiamat alijifunika mdomo kwa khanga. Evaresta hakujifunika kitu. Kuanzia siku hiyo nikipita kwenye kisima cha mtaa kinamama wananiuliza hali ya mayai, na wanauliza kwa namna ambayo haijibiki. Ninaomba Baraza la Wazee litafute neno lingine la kitaalamu, hata la Kigiriki, na litangazwe.

4. Tochi kujifanya inajua mambo ya mbele. Sia akataka kuyatoa mayai yangu kwenye mashine. Kwa maelezo yake, yai lisilo na kitu likiendelea kukaa kwenye joto linaoza, linakuwa viza, gesi inajaa ndani, na siku moja linapasuka. Uchafu wake unayarukia mayai mengine, na harufu yake inahamisha mtaa. Anadai hata yai lenye ufa, au linalotoka jasho, au linalonuka kidogo tu, linatolewa taratibu bila kutikiswa na kufukiwa mbali.

Hapo ndipo nilipompa historia. Bibi yangu Ndeshi, mzaa mama, alipimwa na waganga wote kuanzia Machame hadi Poli wakasema huyu hatazaa. Alizaa mama yangu akiwa na mvi, siku ya soko, na akarudi na ndizi zake kichwani kwa kuwa bei ilikuwa mbaya. Sasa jiulize, Mzee, siku hizo Sia angekuwepo na tochi yake, bibi angewekwa kwenye bakuli pembeni, na leo ungekuwa unasoma barua ya nani? Kisichokuwepo leo hakijakatazwa kuwepo kesho. Mayai yale yaliombewa na mchungaji mwenyewe, mikono miwili, macho yamefungwa. Kuyamulika baada ya hapo ni sawa na kumwambia mchungaji, samahani, ngoja kwanza tuhakiki.

Na tusidhani tochi itaishia kwenye mayai. Ukiruhusu imulike yai la sadaka, Jumapili ijayo watamulika bahasha za ahadi kujua ipi ina kitu na ipi imejazwa gazeti. Mwezi unaofuata watatumulika sisi wenyewe mlangoni kuona nani ana kitu ndani na nani ni mweupe kama chupa. Mzee, tuseme ukweli kati yako na mimi. Benchi la mbele litakaa nani? Nakuhakikishia kwaya itabaki na mpiga kinanda, na naye ni kwa sababu amemaliza kipaimara majuzi. Usharika utafungwa. Jengo litageuzwa ghala la saruji, na mwenye saruji unamjua.

5. Kufungiwa kufuli. Mayai yangu yaliwekwa kwenye bakuli la plastiki juu ya kabati, kama vijiko. Nikavumilia. Lakini juzi, Sia alipokwenda kununua pumba, niliona ni haki yangu kuyarudisha nyumbani kwao. Nikafungua mlango wa mashine, nikayapanga katikati ya wenzake vizuri tu, nikaona si vibaya nikayaombea kidogo. Nilikusudia sala fupi. Nikaanza na ile ya kuombea mataifa, na mataifa ni mengi. Nilikuwa nimefika bara la tatu Sia aliporudi akaukuta mlango wa mashine uko wazi, kioo kimekauka ukungu wote, na sindano ya kipimajoto imelala.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango wa mashine, akaweka kiganja juu ya kioo kama anapima homa ya mtoto, akasema:

"Mjomba, humu ndani kuna mayai ya Mama Yiamat. Hana kuku mwingine hata mmoja. Yakipoa haya, nitakwenda Sombetini kumwambia nini?"

Nikatoa amina, mataifa yaliyobaki nikamwachia Bwana. Nikatoka nikaketi kwenye kizingiti. Alikaa mle ndani muda mrefu, anaongeza maji kwenye trei ya chini, anasubiri joto lipande. Joto lilipanda. Mayai yangu yakarudi juu ya kabati, na jioni kukawa na kufuli. Kufuli, Mzee, kwenye nyumba yangu, na ufunguo amemkabidhi mke wangu.

6. Kunyimwa kusaidia uzazi. Sasa zimeanza siku tatu za mwisho kabla vifaranga havijatoka, na Sia ametangaza kwamba hakuna kugeuza yai, hakuna kumulika, hakuna kufungua mlango hata wakianza kulia ndani ya ganda. Eti kifaranga anatoboa mwenyewe na kupumzika mwenyewe, na ukimsaidia kubandua ganda unamtoa damu, na ukifungua mlango unyevu unatoka, utando unakauka na kumkaba ndani kama shuka iliyolowa.

Ananiambia hivyo mimi! Mtu ambaye mwaka ule wa mvua kubwa nilishuka kutoka msituni Meru na yai ndani ya shati, zawadi ya mzee mmoja wa Olmotonyi, nikakutana uso kwa uso na nyati amesimama njiani anatafuna. Tulitazamana. Hakuna aliyepepesa jicho, na mimi nilikuwa na yai la kuficha. Moyo ulinipiga kwa nguvu kiasi kwamba yai likapata joto la juma zima kwa mara moja, likapasuka, kifaranga akatoa kichwa kwenye kola ya shati akamlilia nyati, na nyati akageuka akaondoka kwa aibu. Kifaranga yule nilimsaidia kutoa mguu wa pili kwa mikono hii hii, bila kunawa. Mashahidi wapo, ingawa wengi wameshahamia Babati.

Kwa hoja hizo sita, ambazo naamini hata mahakama ya rufaa ingezisoma imesimama, ninaliomba Baraza yafuatayo:

(a) Mayai yangu yarudishwe ndani ya mashine kabla ya Jumapili. Najua utasema siku zimebaki chache. Muujiza hauhitaji siku nyingi, ungezihitaji usingeitwa muujiza.

(b) Simu ya Sia ishikiliwe ofisini kwa usharika, isipokuwa saa za jioni anapompigia mama yake, maana huyo ni dada yangu na ataniuliza.

(c) Kwenye matangazo isomwe kwamba jogoo wa Mavuno amecheleweshwa na teknolojia na si na Elinami.

(d) Kufuli lifunguliwe mbele ya wazee wawili na mimi.

Nikikosa haki hapa nitapanda Dayosisi, na nikikosa Dayosisi, Arusha hii ina wageni wa kila namna wanaokuja kwenye mikutano ya haki, nitamshika mmoja koti mpaka anisikilize.

Mzee wangu, sina ugomvi na mtoto. Sia ni mtoto mwema, anapika, anasali, na hajawahi kuniita jina baya, ingawa mimi nimempa sababu moja au mbili. Ugomvi wangu ni na ile tochi na kile kibomba chake. Nisalimie mama watoto, nisalimie mchungaji na umwambie mikono yake bado ninaiamini. Wasalimie wazee wenzako wa Baraza, mwalimu wa kwaya, na yule mlinzi aliyemkamata sungura. Na ng'ombe pia.

Ni mimi mwanao katika imani, niliyesimama juu ya kijiwe cha kengele na ambaye bado sijateremka,

Elinami Ndesanjo

Nakala: Ndugu Melkizedeki, Vifaa vya Ujenzi, ili ajue jogoo amekwama wapi.

N.B. Mzee, nilikuwa nimeshabandika bahasha, nikaifungua tena kwa mvuke wa chai. Evaresta alitaka kwanza kunisahihishia herufi. Aliisoma akiwa amesimama, kufika kwenye kikapu akaketi, akacheka mpaka Violet akaja kuangalia kuna nini. Kisha akaniuliza kama nimewahi kujiuliza yale mayai anayotoka nayo asubuhi ya Jumapili akiwa na kikapu huwa yanaenda wapi.

Kumbe sadaka ile ilitoka kwake. Ni mayai ya kuku wetu wenyewe, wale weupe wa kisasa walio kwenye vizimba nyuma ya choo, ambao hawajaona jogoo tangu waletwe wakiwa kwenye boksi. Jogoo pekee aliyewahi kuwa hapa kwangu niliamuru achinjwe mimi, kwa kosa la kuwika nikiwa nimelala. Kwa hiyo nilipigana na Melkizedeki mbele ya usharika kwa ajili ya mayai ya jikoni kwangu, na tochi ilipoyaona meupe iliona sawasawa. Mayai yenyewe nimeyafukia asubuhi hii kwenye migomba, taratibu, bila kuyatikisa.

Basi naomba ufute hoja ya kwanza hadi ya sita, pamoja na maombi (a), (b), (c) na (d). Hoja ya tatu ingeweza kubaki, lakini Evaresta amesema neno lile ndilo lenyewe.

Vifaranga vya Mama Yiamat vimeanza kulia ndani ya maganda tangu alfajiri. Nimeweka kiti mbele ya mlango wa chumba cha uani na hapa ndipo ninapoandikia. Hajaingia mtu. Brian alikuja na balbu ya marehemu baba nikamfukuza nayo. Hata mchungaji akija leo atanawa mikono kwanza, na bado hatafungua. Mama Yiamat yuko kwenye ndoo aliyoigeuza hapa pembeni yangu, anasikiliza. Majogoo wakiwa wengi amesema ataniazima mmoja kwa ajili ya Mavuno, nami nitasema tu kwamba ametoka humu, maana humu ni ndani ya mashine na si uongo.

Nakala ya Melkizedeki iliondoka na bodaboda kabla Evaresta hajaamka, haina maneno haya ya chini, na naomba ibaki hivyo hivyo. Tatizo ni moja tu. Evaresta ametoka sasa hivi, amejifunga kitenge chake kizuri, anaenda jumuiya, na jumuiya ya leo inasali nyumbani kwa akina Melkizedeki.